Sura ya Saba: Kadi ya Kujaribia

Kufikia saa nne asubuhi ile ya Ijumaa, Rehana Bakari alikuwa ameulizwa swali lilelile mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alikuwa amejibu vilevile. Sajenti Jesca Kikoti alikuwa akihesabu. Waongo aliwajua vizuri: ukiwarudia mara ya nne huanza kukupambia, mara ya sita wanakumbuka mpaka rangi ya shati la mtu. Binti huyu wa Mikindani hakuongeza wala hakupunguza.

"Kamera uliitoa wapi?"

"Dukani kwa Nassoro, afande. Ijumaa iliyopita, saa kumi jioni. Nikapewa na risiti."

Kamera yenyewe ilikuwa mezani baina yao, ndani ya mfuko wa vielelezo: nyeusi, nzito, ya lenzi za kubadilisha, si kidude cha kuchezea. Kitakoni ilikuwa na namba inayoishia na 0417. Kando yake lilikaa boksi, na ndani ya boksi risiti, na vyote viwili vilikuwa na namba nyingine kabisa, inayoishia na 2295. Kesi nzima ililala hapo.

Maana kamera ya 0417 ilikuwa ya Elia Mbena, mtafiti wa mikoko ya mlango wa Ruvuma. Jumanne ya wiki iliyopita Elia alikutwa kando ya barabara ya Kilambo amepasuliwa kichwa kwa chuma, kamera haipo, na mpaka asubuhi hii alikuwa amelala hospitali ya mkoa hajui kama kumekucha. Siku tatu baadaye Rehana anatembea na kamera yake mjini. Aliyeigundua namba ni fundi aliyepelekewa asafishe lenzi, na Rehana akakamatwa jana, Alhamisi adhuhuri.

Kosa lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Halina dhamana, na kifungo chake ni miaka thelathini. Rehana alikuwa na ishirini na nne.

"Tuache habari ya lini," Jesca alisema. "Niambie vipi. Tangu ulipoingia dukani mpaka ulipotoka."

Rehana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ushungi, akaivaa tena.

"Nimeitazama miezi mitatu, afande, pale kwenye kabati la kioo. Kila nikija mjini lazima nipite. Nilikuwa napiga picha za harusi kwa simu, na simu ndani ya nyumba, na zile taa zao za rangi, inatoa watu kama wamefufuliwa. Nassoro alinizoea. Nikiingia ananiambia, 'Leo unalipa au unasalimia?' Ijumaa ile nikamwambia, leo nalipa."

"Akaitoa kabatini?"

"Hapana. Ya kabatini alisema ni ya maonyesho, imeshikwashikwa. Aliingia ndani akatoka na boksi. Akalifungua mbele yangu, akatia betri, akanipiga picha moja, akanionyesha. Akasema, 'Unaona inafanya kazi? Ukishavuka mlango huu sikujui.' Si ndivyo wanavyofanya wote?"

Ndivyo wanavyofanya wote. Jesca mwenyewe alinunua pasi hapo mjini, nayo ikachomekwa na kutemewa mate kwanza ndipo akafungiwa.

"Picha hiyo aliipigia kwenye kadi gani?"

"Ya kwake. Mimi nilikuwa sijanunua kadi. Alitia ya kwake, halafu akaitoa."

Jesca aliandika hilo, akalipigia mstari bila kujua bado kwa nini.

"Picha ya kwanza kwenye kadi yako wewe ina namba elfu sita mia mbili na kumi na tatu. Kamera mpya, imetoka boksini, inaanzia elfu sita. Hukushangaa?"

"Nilidhani namba zinaanzia popote." Sauti ya Rehana ilishuka. "Ndiyo kamera yangu ya kwanza, afande."

"Na kadi hiyo, polisi walipofika kwenu, uliichomoa ukaificha kifuani."

"Niliificha, ndiyo."

"Kwa nini?"

Binti alitazama mlango kwanza kuhakikisha umefungwa.

"Mle mna singo ya binti wa jirani yetu, siku ya kumsugua bibi harusi. Wanawake wamevua mabuibui, wako vichwa wazi, wanacheza, wengine wana kanga moja tu. Mikindani wananiita mimi kwa sababu wanajua hakuna mwanamume atakayeziona. Yule afande alikuwa ameshanyoosha mkono aiwashe." Macho yalimlengalenga machozi sasa, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nifungeni mkitaka kunifunga. Lakini zile picha asizitazame mwanamume, nakuomba."

Jesca alikuwa amezitazama jana, peke yake, mlango umekomewa. Ilikuwa kweli tupu. Lakini faili halikuandikwa na Jesca. Lilikuwa na maneno ya Mkaguzi Kasiani, mkuu wake, na maneno yenyewe yalikuwa manne: *mtuhumiwa alijaribu kuficha ushahidi*. Ukimweleza Kasiani habari za singo alikuwa anakuitikia tu mpaka umalize.

Nje kwenye ukumbi, kwenye benchi la wageni, alikaa Josephu Ndimbo, dereva wa mradi wa mikoko. Alikuwa na chupa ya uji miguuni, wa kumpa Elia akizinduka, na shati la mradi lililopigwa pasi likanyooka. Kituo kizima kilimsifu mtu huyu. Ndiye aliyemkuta bosi wake barabarani, akambeba, akamfikisha hospitali. Na kwa maelezo yake, tangu usiku ule wa Jumanne mpaka Alhamisi jioni hakubanduka kando ya kitanda, hata kuoga hakwenda. Alieleza kwamba gari lilipata pancha, akaenda kutafuta msaada kijijini, na aliporudi aliwaona watu wawili wakikimbia na bodaboda.

Wanaume wawili, alisema siku ile. Jana jioni, baada ya Rehana kukamatwa, alikuja mwenyewe kuongeza: aliyepakiwa nyuma alikuwa mwanamke, na alivaa miwani. Ndipo likapangwa gwaride la utambulisho, leo saa tisa alasiri.

Askari wa kike alimtoa Rehana kumrudisha mahabusu, na njia ilipita mbele ya benchi. Josephu aliinua macho, akamwangalia binti usoni, kisha miwani, kisha akainama haraka akaanza kukaza kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

"Bwana Josephu," Jesca alisema, "nani amekuambia ukae hapa?"

"Nimewahi tu, afande. Elia ni kama ndugu yangu."

"Umeitwa saa tisa. Nenda urudi saa tisa."

Kasiani aliisikiliza habari hiyo ofisini kwake, akaguna. Alikuwa mtu mzima, Mmakonde wa Newala, si mtu mbaya, ila faili lililokaribia kufungwa lilikuwa linamwashawasha.

"Kumwona amemwona, tutaliandika. Lakini gwaride lipo palepale, Kikoti. Kamera anayo yeye. Risiti haifanani. Kadi kaificha. Wewe una nini?"

"Bado sijajua, afande."

"Basi ukiniletea kitu kabla ya saa tisa nitakisoma. Usipoleta, akiguswa gwarideni, faili linakwenda kwa wakili wa serikali leo hii."

Fikirini fundi alikuwa na kibanda nyuma ya soko, redio na simu zilizokufa zimemzunguka pande zote. Ndiye aliyeipeleka ile namba polisi, na tangu hapo alikuwa hana raha.

"Nimenchongea ntoto wa watu," alisema kabla Jesca hajakaa. "Mlituletea karatasi ya namba, nikafanya nilivyoambiwa. Lakini mwizi hanletei fundi kamera na boksi lake, akaniuliza na bei ya kuisafisha kila mwezi."

"Nina swali moja, mzee. Kamera ikipiga picha kwenye kadi ya mtu mwingine, kisha kadi ikatolewa, inabaki na nini?"

"Kadi?"

"Kadi."

Fikirini aliweka chini bisibisi.

"Inabaki na picha. Na kila picha ina cheti chake cha kuzaliwa: siku, saa, na namba ya kamera iliyoizaa. Kwa hizi kubwa kubwa. Kwenye picha huioni, mpaka uifungue kwenye kompyuta ukatazame maelezo yake."

"Namba ile ya kitakoni?"

"Ileile."

"Na mwenye duka akiifuta kila akishajaribu?"

"Afute ya nini? Mimi yangu ninayojaribia ina picha za tangu mwaka juzi. Ikijaa ndiyo unakumbuka kwamba kumbe inajaa." Akamtazama Jesca vizuri. "Leo Ijumaa, Sajenti. Nassoro anafunga saa sita na nusu kwenda nsikitini. Na akishafunga, Ijumaa nyingine anakwenda moja kwa moja kwao Mikindani, harudi."

Saa ya Jesca ilionyesha saa sita na dakika nane. Alipanda bajaji. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, na malori ya bandarini yalikuwa yamesimama msururu kwenye makutano, yakitoa vumbi na moshi, hakuna anayempisha mwenzake. Alikaa humo dakika tano, akahesabu malori tisa, akaona hapana. Alimlipa dereva akashuka, akamaliza njia kwa miguu, mkoba ameukumbatia kifuani na jasho linamwingia machoni.

Alimkuta Nassoro amevaa kanzu, kofia mkononi, pazia la chuma limeshuka nusu mlango.

"Afande, swala," Nassoro alisema.

"Dakika kumi."

"Nilishaeleza yote jana." Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza wateja, na hata hasira aliitoa kwa sauti hiyohiyo. "Nilimuuzia kamera mpya. Namba 2295. Boksi 2295, risiti 2295, ya mashine, serikali imepata chake. Kama yeye ana 0417, aulizwe ile yangu ameipeleka wapi. Mimi nikiulizwa nitajibu nini?"

Ilisimama vizuri hoja hiyo. Jesca alikuwa ameilalia usiku kucha asipate pa kuishikia.

"Sikuja kwa hilo," alisema. "Nataka kununua kamera."

Nassoro alimtazama kama aliyesikia vibaya.

"Wewe?"

"Ndogo tu. Nina mdogo wangu Iringa anamaliza chuo mwezi ujao. Au polisi hawauziwi?"

Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Nassoro alitazama saa, akatazama kabati, mkono ukashinda. Akateremsha boksi dogo, akakata gundi kwa kucha ya dole gumba, akatoa kamera, akatia betri. Kisha, bila kuangalia, akavuta droo chini ya kaunta, akachukua kadi, akaichomeka, akainua kamera mpaka usoni.

"Tazama huku."

Jesca alijikuta amevuta blauzi sawa na kuinua kidevu. Kamera ikalia. Nassoro akaigeuza amwonyeshe.

"Unaona inafanya kazi? Ukishavuka mlango huu..."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kijilango cha kadi.

"Usiitoe wewe," Jesca alisema. "Iache hapohapo, weka kamera juu ya kaunta, usogee nyuma."

"Afande, hii ni kadi ya kujaribia tu."

"Ndiyo niliyoifuata."

Alimwita mwanamke wa duka la vitenge la jirani aje kuwa shahidi, akajaza hati ya kuchukua mali, wote watatu wakatia saini. Halafu akaifungua kadi kwenye kompyuta ya Nassoro mwenyewe, mwenye duka amesimama nyuma yake akipumua kwa shida.

Zilikuwa picha mia mbili na ushee. Zote zilipigwa kutoka upande mmoja wa kaunta kwenda upande wa pili: wanafunzi, mwalimu na mkewe, baharia mwenye kofia ya bandari, mama na mtoto mgongoni. Kila mmoja amejiweka sawa. Mwingine kafunga kifungo cha shingo, mwingine kaingiza tumbo ndani.

"Hata ukimwambia ni majaribio," Nassoro alinong'ona, kama anayejitetea kwa kosa lisilo lake, "mtu akielekezewa lenzi lazima ajitengeneze."

Ijumaa iliyopita, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, alikuwapo Rehana. Hakujitengeneza. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, anacheka, miwani imemwenda upande. Jesca alifungua maelezo ya picha, akashuka nayo taratibu mpaka kwenye mstari wa namba ya kamera, akamwita na muuza vitenge aisome kwa sauti.

"Sifuri, nne, moja, saba," yule mama alisoma.

Jesca aliinakili kwenye daftari, tarakimu moja moja.

"Alikuwa bado amesimama hapa," alisema. "Hajalipa, hajavuka mlango. Na kamera uliyomtolea boksini ilikuwa 0417 tayari. Sasa niambie, Nassoro, 2295 iko wapi?"

Macho yalimponyoka Nassoro mara moja kwenda kwenye kabati la kioo. Jesca aliifuata ile kamera ya maonyesho, akaipindua. Kitakoni palibandikwa karatasi ya jina la duka. Aliibandua kwa kucha, na chini yake ilikuwapo 2295, haijaenda popote, imekaa palepale miezi mitatu ikitazamwa na Rehana.

"Iliota kuvu kwenye lenzi," Nassoro alisema. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu. "Chumvi ya bahari hii, afande, hakuna kinachopona. Boksi lake likabaki jipya. Ikaja nyingine ya aina ileile, safi, nikaona niitie humo. Nilijua imetumika. Wallahi sikujua ina damu ya mtu. Nilipokuja kusikia, nikaogopa."

"Ukaogopa, ukamwacha binti alale mahabusu."

Aliinamisha kichwa.

"Aliyekuletea nani?"

"Simjui. Wanakuja wengi."

"Ulipoipokea, uliijaribu?"

Nje, msikitini, mwadhini alianza kuita. Nassoro hakugeuka.

"Wewe hununui hata tochi bila kuiwasha," Jesca alisema. "Uliijaribu."

Alirudi kwenye kompyuta, akarudi nyuma picha moja baada ya nyingine, Alhamisi, kisha Jumatano. Jumatano, saa tatu na dakika tano asubuhi. Namba ya kamera ilikuwa 0417, ikiwa haijatimiza hata siku tangu iporwe. Mtu aliyesimama mbele ya kaunta alikuwa ameinua mkono mmoja anyooshe kola ya shati, na alikuwa anatabasamu, kama wote.

Alikuwa Josephu Ndimbo.

"Ichapishe hii," Jesca alisema. "Mbili."

Saa tisa kasoro robo Kasiani alikuwa ameitazama picha, ameitazama tena, na ameisoma karatasi ya maelezo mara tatu. Miwani yake ya kusomea aliivua akaiweka juu ya faili.

"Jumatano asubuhi," alisema. "Wakati yuko kando ya kitanda, hata kuoga hakwenda."

"Ndivyo alivyosaini, afande."

"Tumkamate sasa. Gwaride la nini tena?"

"Tukimkamata sasa atasema aliiokota barabarani, akaingiwa na tamaa, akaona aibu kusema. Atakuwa mwizi wa kamera, basi. Chuma kitabaki cha wale watu wa bodaboda ambao hakuna aliyewaona." Jesca aligonga picha kwa kidole. "Lakini akiingia pale akamchagua mtu ambaye tunajua hakuwapo, akatia saini, atakuwa ametuambia mwenyewe anachokificha."

Kasiani alivaa miwani yake tena.

"Na binti? Tumwambie?"

"Akijua, uso utamsaliti. Yule kila kitu kinamwonekana usoni, hawezi kuficha kitu."

Lilimuuma Jesca jambo hilo, wala hakujidanganya kuwa halimuumi. Alikuwa na funguo za mtu mfukoni na anamwacha akae ndani nusu saa zaidi, tena nusu saa mbaya kuliko zote.

Waliwapanga uani, kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake tisa: wauza samaki wawili waliotolewa sokoni, karani wa benki, wanafunzi wa uuguzi, na wengine waliokuwa wakipita tu wakaombwa. Wote walijifunga ushungi, wote waliazimwa miwani. Rehana aliambiwa achague mahali pake mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka, akachagua wa tano. Jesca alisimama mbali, kwenye kona, kwa kuwa mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuliendesha gwaride. Kasiani ndiye aliyekuwa na fomu.

Josephu aliingia, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu aendaye mazishini. Kasiani alimsomea maelekezo: apite mstarini, akimwona mtu aliyemwona barabara ya Kilambo amguse begani, asipomwona aseme hayupo.

"Anaweza asiwepo," Kasiani aliongeza, akirudia maneno hayo polepole kuliko ilivyohitajika. "Umenielewa? Huna lazima ya kumgusa mtu."

"Nimeelewa, mzee."

Alipita mara ya kwanza bila kusimama. Alirudi. Kwa wa tatu akasita, akatikisa kichwa, akaendelea. Aliufanya mchezo wake vizuri, huwezi kumnyima hilo. Mbele ya wa tano alisimama, akavuta pumzi, akaweka mkono begani mwa Rehana.

"Ni huyu."

Rehana hakupiga kelele. Aliutazama mkono ule kwanza, kisha mwenye mkono.

"Mimi, kaka?" aliuliza. "Mimi umeniona wapi?"

Josephu aliondoa mkono akageukia upande wa Kasiani. Muuza samaki aliyesimama wa sita alisonya kwa sauti, na hakuna aliyemkemea.

"Wa tano," Kasiani alisema huku akiandika. "Una uhakika?"

"Sina shaka hata chembe. Sura ile sitaisahau."

"Saini hapa. Na hapa. Andika na saa."

Josephu alisaini. Kasiani alichukua fomu, akaipepea wino ukauke, akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati na kukifunga kifungo.

"Sajenti Kikoti," aliita.

Jesca alitoka kwenye kona. Alipita mbele ya mstari wote, akasimama mbele ya Josephu, akamkabidhi karatasi iliyogeuzwa chini.

"Umemtambua huyo," alisema. "Na huyu?"

Josephu aliigeuza. Kwa kitambo kidogo alibaki na sura ya mtu aliyepewa picha yake mwenyewe ya harusini, karibu afurahi. Kisha akaona kaunta. Akaona, chini ya picha, siku na saa, na tarakimu nne zilizozungushiwa kalamu nyekundu.

"Jumatano, saa tatu na dakika tano," Jesca alisema. "Ulikuwa kando ya kitanda cha Elia, au ulikuwa dukani unauza kamera yake?"

Mkono wa Josephu ulipanda wenyewe ukaenda kwenye kola, ukainyoosha. Alipoona anachokifanya akauteremsha, na askari wawili waliokuwa mlangoni wakawa wameshamfikia. Chupa ya uji ilibaki benchini alikoiacha, na Kasiani aliamuru ichukuliwe ipelekwe kwa mkemia, ipimwe kama ina sumu.

"Wa tano," Kasiani alisema. "Rehana Bakari. Toka mstarini, mwanangu. Yamekwisha."

Rehana hakutoka. Yule muuza samaki ilibidi amshike kiunoni, akamwambia kwa upole ashushe pumzi, ashushe pumzi. Jesca alifika karibu. Alikuwa na mengi ya kumweleza: kwamba kamera itarudi kwa Elia, kwamba Nassoro atakuwa na kesi yake, kwamba alimwacha aguswe huku anajua, na kwa hilo anaomba radhi.

Rehana alimtangulia. "Afande," alisema, "na kadi yangu?"

Jesca aliingiza mkono mkobani, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, ambako ilikuwa tangu jana adhuhuri. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chake cha mkononi. Aliitia kiganjani mwa binti, akamfumba vidole juu yake.

"Nimeitazama mimi tu," alisema.

Hapo ndipo Rehana alipolia.